Bidoni mbili kwenye barabara ya Sake

Wakaaji wa mtaa wa Ndosho, magharibi mwa mji wa Goma, walianza kumzoea mama huyu mwaka 2023. Mara tatu kwa juma, saa kumi na mbili za asubuhi, alikuwa anatoka kwenye parseli yake na bidoni mbili tupu za njano mkononi, anashika barabara ya Sake na kuelekea upande wa Mugunga. Ni mama mnene, wa miaka 52 wakati ule, fundi wa kushona. Motari walikuwa wanapunguza mwendo pembeni yake.

"Mama, panda! Mia tano tu nakufikisha."

"Apana, kijana yangu. Leo miguu njo inafanya kazi."

Wengine walicheka. Hapa Goma, mtu mwenye mashini yake na watoto waliosoma haonekani barabarani na bidoni. Jirani mmoja alifika hata kuwauliza watoto wake kama mama amekosa pesa ya kununua maji. Hakukosa. Kwa miaka mingi maji yalimfikia mlangoni yakisukumwa na kijana wa chukudu, naye alikuwa analipa bila hata kuinuka kwenye kiti.

Mambo haya yalianzia kwenye kituo cha afya, mwishoni mwa mwaka 2022. Alikwenda kwa sababu ya kiu isiyoisha na kuamka usiku mara nne, mara tano, kwenda chooni. Wakamtoboa kidole, wakapima damu, sukari ikaonekana iko juu sana. Tansiyo nayo ilikuwa imepanda. Kwenye mizani alikuwa na kilo 91. Muuguzi akamwandikia vidonge, kisha akamuuliza, "Mama, unafanyaka sporti?"

Mama akacheka. Sporti aliyoijua ni ya wale vijana wa Jumapili asubuhi wanaokimbia kwa makundi huku wakiimba, na ya sale za katikati ya mji zenye vioo ukutani, ambako watu wanalipa dola kila mwezi ili wapande baiskeli isiyokwenda popote. Yeye si wa huko wala si wa huko. Muuguzi hakumlazimisha. Alimwambia sale aiache, ahesabu tu siku yake ya jana: tangu alipoamka hadi alipolala, miguu yake ilifanya nini?

Hesabu haikuchukua muda. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha mashini. Kutoka kwenye kiti hadi mezani. Choo. Kiti. Kitanda.

Haikuwa hivyo zamani. Mama huyu alizaliwa upande wa Kitshanga, kule Masisi, kwenye vilima ambako shamba liko mbali na nyumba na maji yako bondeni. Alipoolewa na kufika Goma alikuwa anatembea kwa miguu hadi soko la Virunga kununua vitambaa, na mashini yake ya kwanza ilikuwa ile ya kukanyaga, mguu mmoja mbele, mguu mmoja nyuma, toka asubuhi mpaka jioni. Lava ya Nyiragongo ilipokata mji tarehe 17 Januari 2002, alikimbia na mtoto mgongoni na kichwa cha mashini mikononi.

Kisha maisha yakawa mepesi kidogo kidogo. Pikipiki zikajaa mjini, akaacha kwenda soko kwa mguu. Kijana wa chukudu akaanza kumletea maji. Msichana akapatikana wa kufua na kufagia. Simu ikaja, wateja wakawa wanatuma picha ya mtindo na vipimo vyao, hana tena haja ya kwenda nyumba kwa nyumba na mita shingoni. Mwisho kabisa, kijana wake wa kwanza alipopata kazi, alimnunulia mama zawadi: mota ndogo ya umeme, ikafungwa kwenye mashini. Mguu nao ukapumzika. Kila kimoja katika hivyo kilikuwa baraka, na hakuna hata kimoja alichokosea kukikubali. Lakini vyote kwa pamoja vilikuwa vimemtoa barabarani, bondeni na sokoni, vikamweka kwenye kiti.

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula. Kwa watu wengi, zaidi ya nusu ya nguvu hiyo inatumika hata wakilala tu: moyo unapiga, ubongo unafanya kazi, joto la mwili linalindwa. Sehemu ndogo, kama moja ya kumi, inatumika kusaga chakula chenyewe. Kinachobaki ndicho cha kutembea, kusimama, kufua, kulima, kupanda ngazi, kubeba mtoto. Sporti, kwa watu wengi duniani, ni chembe tu ndani ya hicho kilichobaki, kwa sababu hawaifanyi kabisa. Daktari James Levine, aliyefanya utafiti wake katika hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani, alionyesha kwamba watu wawili wenye mwili wa ukubwa mmoja wanaweza kutofautiana hata kalori 2000 kwa siku, na tofauti hiyo haitoki kwenye sporti. Inatoka kwenye kazi na mazoea: huyu anashinda amekaa, yule anashinda amesimama na kwenda huku na huku.

Muuguzi alikuwa na mfano mwingine, na huo ndio mama aliushika zaidi. Huko London, katika miaka ya 1950, daktari Jeremy Morris aliwalinganisha watu wa kwenye mabasi ya ghorofa. Dereva alishinda amekaa. Kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi akikatisha tiketi. Basi ni lile lile, kampuni ni ile ile. Matokeo yalitangazwa mwaka 1953: madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo kuliko makondakta. Mama alirudi nyumbani akisema yeye amegeuka dereva wa mashini.

Hata hivyo alikaa miezi bila kubadilisha kitu. Alimeza vidonge, akaacha sukari kwenye chai, akaendelea kukaa.

Mwishoni mwa Januari 2023, vita vikafika Kitshanga. Mdogo wake, wa mwisho kwa mama yao, alitoka huko na watoto watano, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Walitembea siku kadhaa, wakapita Sake, wakaishia Bulengo, kwenye kambi iliyokuwa inaota juu ya mawe ya volkano karibu na ziwa. Nyumba ya Ndosho ilikuwa tayari na ndugu wengine tisa waliokimbia mbele yao. Mdogo alilala pale siku mbili, akaona hakuna pa kunyoosha mguu, akajenga kibanda cha maturubai kambini kama wengine.

Wakimbizi waliopita Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya hawahitaji kuelezwa maji ya kambini yanavyotafutwa. Kanuni za kimataifa za misaada, zinazoitwa Sphere, zinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, bomba lisipite mita 500 kutoka nyumbani, na foleni isizidi dakika 30. Kwa familia ya watu sita hizo ni lita 90, bidoni nne na nusu za lita 20. Kanuni hizo hizo zinataka chakula cha kalori 2100 kwa kila mtu kwa siku. Mama anayenyonyesha anahitaji kama 500 zaidi. Mdogo alikuwa anaamka saa tisa za usiku kuweka bidoni kwenye foleni, na chakula alichopata alikuwa anawagawia watoto kwanza.

Kuni zilikuwa jambo lingine. Wanawake walikuwa wanakwenda mbali, hadi upande wa hifadhi ya Virunga, na wengi walibakwa njiani. Kila mmoja kambini alilijua hilo, na bado walikwenda, kwa sababu maharagi hayaivi kwa jua.

Mwezi wa tano, mkubwa alikuja kambini kumtembelea, na moto hadi mlangoni, na mfuko wa unga. Ilikuwa mara ya pili tu tangu Februari. Siku ile watu wa lishe walikuwa wamepita. Utepe waliomfunga mdogo mkononi ulisoma sentimita 21, wakamwandika kwenye orodha ya akina mama wa kupewa chakula cha nyongeza, wakamwambia ale na apumzike, apunguze kubeba mizigo. Mkubwa naye, bila kufikiri sana, akaanza kulalamika: kwake kituo cha afya kinamsumbua atembee kila siku dakika 30, apunguze kilo, na yeye hana hata mahali pa kwenda.

Mdogo alimwangalia kwa muda mrefu.

"Yaya, wewe unatafuta kupunguza, siye tunatafuta kuongeza. Unaniambia hauna mahali pa kwenda? Bidoni hizi hapa."

Alisema hivyo kwa hasira. Mkubwa alichukia, akapanda moto, akaondoka. Majuma mawili hawakuongea hata kwa simu. Kilichomuuma zaidi, kama alivyowaambia watoto wake baadaye, ni kwamba mdogo alikuwa na haki. Dawa ambayo muuguzi alimwandikia yeye ndiyo ileile iliyokuwa inammaliza mdogo wake, na kati ya nyumba zao mbili kulikuwa na mwendo wa saa moja na nusu tu kwa mguu.

Siku ya kumi na tano alitoka na bidoni mbili.

Siku hiyo ya kwanza haikwenda vizuri. Alivaa sandali za plastiki, zikamkata vidole. Alipofika kambini aliketi juu ya jiwe nusu saa kabla ya kusema neno. Kisha akaingia foleni ya maji mahali pa mdogo wake, akabeba bidoni iliyojaa hatua 30, akaitua. Watoto walicheka. Mdogo hakucheka, alimletea maji ya kunywa.

Kuhusu kubeba, kuna jambo ambalo wanawake wa Kivu walilijua mgongoni mwao kabla wataalamu hawajalipima. Mwaka 1986 watafiti walichapisha katika jarida la Nature vipimo walivyofanya kwa wanawake wa Kenya: Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba ya kwenye paji la uso, kama wanavyobeba akina mama wengi hapa. Waligundua kwamba mzigo unaofika moja ya tano ya uzito wa mwili hauwaongezei matumizi ya nguvu hata kidogo, kwa jinsi walivyozoea kutembea nao. Ukizidi hapo, gharama inaanza kupanda. Mdogo alikuwa na kilo 48, kwa hiyo mzigo wake wa bure ulikuwa unaishia kwenye kilo 9 na kitu. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20 za maji, plastiki bila kuhesabiwa. Alikuwa anapita kipimo mara mbili, mara nne kwa siku, na tumbo lina njaa.

Mkubwa, mwenye mwili mzito lakini asiyezoea tena, aliamua kujaza nusu tu. Lita 10, safari nyingi. Kwake safari nyingi hazikuwa hasara, ndizo alizozitafuta.

Baada ya mwezi mazoea yakapatikana. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi alikuwa anatembea kwenda, anachota maji hadi saa nne, anarudi kwa mguu, na mara moja moja kwa moto kama jua ni kali. Pesa ya pikipiki aliyoiokoa ilikuwa inanunua makala, mdogo akaacha njia ya kuni. Wakati yeye yuko foleni, mdogo alikuwa analala na mtoto. Kulala tu. Kuna siku alilala toka saa moja hadi saa tano, jambo ambalo hakulifanya tangu Kitshanga.

Mara moja mambo yaliharibika. Mkubwa alitoka nyumbani amemeza kidonge cha sukari bila kula kitu, akitaka kuwahi. Karibu na Mugunga mwili ukaanza kutetemeka, jasho baridi, macho yakafifia. Muuza mandazi wa pembeni ya barabara alimkalisha na kumpa chai ya sukari nyingi, akapata nafuu. Muuguzi alimkemea sana. Mtu anayetumia dawa za sukari asianze mwendo mrefu na tumbo tupu, na mfukoni awe na kitu kitamu, kwa sababu misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, na baadhi ya vidonge navyo vinaishusha. Tangu siku ile alikuwa anatembea na peremende kwenye fundo la kitenge, peremende ambazo watoto wa kambini walizigundua haraka.

Ndosho nako alianza kubadilisha vitu vidogo. Mota ya mashini aliifungua, akarudi kukanyaga. Kijana wake alinuna kidogo, kisha akaelewa. Vitambaa aliviweka chumba cha pili, ili kila akikata nguo mpya ainuke. Usiku, baada ya fufu na sombe, alikuwa anazunguka avenue dakika 15 kabla ya kukaa, kwa kuwa misuli ikifanya kazi mara baada ya chakula sukari haipandi sana. Hapo jirani aliyekuwa anamcheka akaanza kumfuata, kwanza kwa umbeya, halafu kwa sababu naye alikuwa na tansiyo.

Je, alikonda? Kidogo. Hadi mwisho wa mwaka alikuwa na kilo 85. Wanaosikia hadithi hii wanataka kusikia kilo 60, na watauziwa chai za kukondesha sokoni na watu wanaoahidi hivyo. Mtu wa uzito wake akitembea kilometa moja anatumia kama kalori 60. Soda moja ya kunywa kwa dakika tano ina zaidi ya 100. Na mwili una ujanja wake. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima Wahadza wa Tanzania, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na ziwa Eyasi, ambao wanatembea kilometa nyingi kila siku. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu waliyotumia kwa siku haikupita ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili ukizoea mwendo, unabana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo mizani inasonga polepole, na anayeiangalia kila asubuhi atachoka mapema. Kwa mama huyu kilichoshuka waziwazi ni sukari ya damu, na tansiyo kidogo. Vidonge hakuviacha, na muuguzi hakumruhusu aviache. Usiku alikuwa anaamka mara moja tu.

Mdogo alifika sentimita 23 na nusu. Sehemu ni chakula cha nyongeza, sehemu ni usingizi.

Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye makambi ya Lac Vert na Mugunga, yakaua watu, wengi wao wanawake na watoto. Ilikuwa Ijumaa, si siku yake. Kwa majuma kadhaa baada ya hapo watoto wake walimkataza barabara, naye alikuwa anazunguka ndani ya parseli, toka mlango hadi ukuta wa mawe, akihesabu zamu kwa maharagi: kila zamu haragi moja kutoka sahani hii kwenda sahani ile. Alisema ni mwendo mbaya kuliko yote aliyowahi kutembea, kwa sababu akili ilikuwa Bulengo. Juma la nne alichukua bidoni, akaondoka bila kuaga.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma. Umeme ukakatika, mabomba yakakauka, na mji mzima ukateremka ziwani na bidoni, matajiri na maskini. Kwa siku zile wale waliomcheka walikuja kumuuliza namna ya kufunga kamba ili isikate paji la uso. Aliwafunga wengine yeye mwenyewe, akawakumbusha kuyachemsha maji ya ziwa, kwa ajili ya kipindupindu.

Mwezi wa pili kambi zikaondolewa. Watu wa Bulengo walikunja maturubai, wakapakia walichokuwa nacho, wakarudi walikotoka au walikoweza. Mdogo na watoto walipita Ndosho usiku mmoja, kisha wakashika njia ya Kitshanga. Nyumba waliikuta bila mabati. Shamba liko palepale, mbali na nyumba, na maji yako bondeni kama zamani.

Mkubwa alibaki na bidoni mbili na asubuhi tatu zisizo na kazi. Kwa majuma mengine alirudi kukaa, na sukari ikapanda, akaiona mwenyewe kwenye kipimo. Sasa anatembea tena barabara ile ile ya Sake, na bidoni moja, na njiani anawachotea maji mabibi wawili wazee wa Mugunga ambao hakuwafahamu hapo mbele.

Jioni, mtandao ukikubali, simu inalia. Mdogo hapotezi salamu.

"Yaya, leo umetembea?"

"Nimetembea, nimefika na nimerudi. Na wewe, umekula?"

Siku nyingine jibu linakuja mara moja. Siku nyingine linakawia, na mkubwa anangojea, simu sikioni, mguu mwingine bado uko kwenye kikanyagio.